Milimita Kumi na Nne

Jumatatu, 9 Machi

Daftari hili lilitolewa na ofisi kwa ajili ya kuandika joto la jokofu. Jokofu likafa kabla ya ukurasa wa tatu, nami sikuona sababu ya kutupa karatasi nzuri. Kazini naandika kila kitu kwa milimita na nyuzi joto, na hakuna safu ya kuandika kwamba leo mkuu wetu wa maabara, ambaye sote tunamwita Daktari ingawa hajawahi kutibu hata paka, amekubali ombi langu. Nimeruhusiwa kupima jani la Shangazi.

Kwa atakayeliokota daftari: Shangazi ni dada mkubwa wa marehemu baba, na ndiye aliyenilea tangu nikiwa na miaka sita. Anauza maji ya mchachu, mmea unaotambaa kwenye kuta mbovu, ambao ukiutafuna lazima ukunje uso. Watu huoshea vidonda. Wiki iliyopita bwana afya alimfuata akamwambia kuwa mpaka mwisho wa Mei awe na karatasi ya maabara inayosema dawa yake ina nguvu na haina madhara, la sivyo atafunga. Shangazi akampa kiti, akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamjibu kwamba yeye ana mtoto maabara. Mtoto mwenyewe ni mimi, nina miaka thelathini na nane.

Mvua imeanza mchana.

Alhamisi, 12 Machi

Nimechuma majani kilo mbili. Nimeyaanika kivulini, kwenye nyavu za waya katika chumba cha nyuma. Mvua.

Jumapili, 15 Machi

Nimeshinda kwa Shangazi kuangalia anavyofanya, ili nisije nikaambiwa nimekosea. Ana vyumba viwili na jiko. Jikoni kuna meza moja, chupa zilizopangwa kwa urefu kama watoto wa shule, na sufuria kubwa ya shaba aliyoachiwa na bibi. Huwezi kumtembelea Shangazi bila kuonyeshwa sufuria. Inang'aa ndani na nje. Kila Jumamosi huisugua kwa mchanga na limau, na mwaka juzi alikaa mwezi mzima akikwangua utando wa kijivu uliokuwa umeganda ndani, uchafu wa enzi za bibi, mpaka ikatoka nyekundu. Anasimulia hilo kama watu wanavyosimulia safari ya ng'ambo. Tangu aitakase, anasema, dawa imekuwa kali maradufu.

Anachemsha majani, anayaacha humo humo mpaka asubuhi, kisha anachuja. Kikombe cha kwanza anakunywa yeye mwenyewe mbele ya mteja wa kwanza. Anasema asichokubali kukitia tumboni mwake hawezi kumpa mtu aoshee kidonda. Nikamwambia kidonda na tumbo ni vitu viwili. Akaniambia hayo ndiyo mambo ya kusoma sana.

Hakumaliza chai. Tumbo linamsumbua kidogo, amelaumu mkate wa jana.

Ijumaa, 20 Machi

Nusu ya majani yameota ukungu. Hewa ina maji kuliko mto. Nimetupa yaliyoharibika na kuyawekea taa yaliyobaki.

Mwosha vyombo wetu, tunayemwita Kimya kwa sababu hajawahi kunyamaza tangu aajiriwe, amesimama mlangoni dakika arobaini akinieleza namna ya kukausha majani. Hajawahi kukausha jani. Nimemjibu “ehe” mara nyingi nikitumaini atachoka yeye kabla yangu.

Jumanne, 24 Machi

Majani yamesagwa na kulowekwa kwenye spiriti. Siku tatu.

Jumapili, 29 Machi

Mvua kutwa, sikwenda kwa Shangazi. Nimempigia simu. Amesema tumbo lile lile, na kwamba paa linavuja. Nimempa namba ya fundi wa paa.

Jumanne, 31 Machi

Kazi yenyewe ni hii. Unapaka vijidudu vilivyotoka kwenye usaha juu ya kisahani chenye chakula chao. Unaweka vipande vidogo vya karatasi, mviringo, kila kimoja kikiwa na tone la kitu unachopima. Kimoja kina dawa ya hospitali, kimoja kina spiriti iliyokauka, kimoja kina jani lako. Unafunga, unaweka kwenye joto la mwili usiku mmoja. Kesho yake vijidudu vimeota kama ukoga mweupe, isipokuwa pale vilipokutana na kitu kinachoviua. Hapo panabaki duara safi, nawe unalipima kwa rula.

Dawa ya hospitali: milimita ishirini na mbili. Spiriti: sifuri. Jani la Shangazi: sifuri. Vijidudu vimeota mpaka juu ya karatasi, vimejilaza.

Nimerudia kusoma mara tatu. Sifuri haibadiliki kwa kuitazama.

Jumapili, 5 Aprili

Nimemwambia. Nilikuwa nimejiandaa kumfariji, kumbe faraja nilihitaji mimi. Alicheka mpaka akakohoa. Akauliza ni nani aliyewahi kupika dawa kwa spiriti, eti tumelilevya jani halafu tunashangaa halifanyi kazi. Akaniambia nikapike kama yeye: maji, moto, usiku mmoja, chujio. Chema chajiuza, akasema, kibaya chajitembeza, na yeye hajawahi kutembeza chupa.

Amekonda. Amejifunga kitambaa kiunoni akasema kinatuliza tumbo. Nikampa dawa za gesi zilizokuwa kwenye mkoba.

Ijumaa, 10 Aprili

Nimepika kama yeye. Majani yale yale ya ukuta ule ule, maji, moto, usiku mmoja kwenye chombo cha kioo, chujio la kitambaa. Sifuri.

Kimya amesema pengine mkono wangu hauna baraka.

Jumamosi, 11 Aprili

Shangazi amekuja maabara mwenyewe, kwenye mvua, na chupa moja imefungwa ndani ya taulo. Kakaa chumba cha mlinzi. Nilimletea chai akaikataa, tumbo limejaa. Alikabidhi chupa kwa mikono miwili akaniambia nisiiache kwenye jua, na jua lenyewe hatujaliona wiki ya tano sasa.

Jumatatu, 13 Aprili

Milimita kumi na nne!

Daktari ameinua kisahani kwenye mwanga, ameinamisha kichwa kulia, kushoto, akapima mwenyewe. Mwanamke huyu hajawahi kunipongeza kwa miaka tisa, na leo pia hakunipongeza, ila aliuliza Shangazi anaitwa nani kamili. Tayari anawazia makala. Nami nikajikuta nacheka peke yangu kwenye korido kama mtu aliyeokota pochi.

Alhamisi, 16 Aprili

Nimerudia kwa visahani vitatu. Chupa ya Shangazi: kumi na nne, kumi na tatu, kumi na nne. Maji niliyopika mimi kwa majani hayo hayo: sifuri, sifuri, sifuri.

Furaha imekwisha. Majani ni yale yale na maji yanatoka bomba moja. Kama chupa yake inaua na yangu haiui, basi kwenye chupa yake kuna kitu ambacho kwenye yangu hakimo. Nimewahi kukutana na hili. Waganga wawili waliokuja hapa kabla yake walikuwa wakisaga vidonge vya hospitali na kuvichanganya humo.

Sikuwa nimemfikiria Shangazi hivyo kabla ya leo.

Jumapili, 19 Aprili

Naandika haraka kabla sijaanza kujipendelea.

Nilifika saa nne asubuhi. Alikuwa na mteja, mwendesha mkokoteni mwenye kidonda cha kisigino. Shangazi alikuwa amepiga magoti kwenye sakafu, mguu wa mtu yule kwenye beseni, akiosha taratibu na kuzungumza naye habari za mkewe. Nilisubiri. Mteja alipoondoka nikafunga mlango. Nadhani kufunga mlango ndiko kulikomwonyesha kwamba nimekuja kwa kazi.

“Shangazi, unatia nini kwenye maji?”

“Jani.”

“Na nini kingine?”

Alijifuta mikono, kidole kimoja kimoja. Nikamweleza visahani, nikamweleza sifuri zangu na kumi na nne zake. Nikamwambia nitamwelewa, kwamba wengi hufanya, kwamba kama kuna vidonge anavyosaga aniambie mimi kabla Daktari hajagundua. Nilisema yote hayo kwa sauti ya kazini. Naijua sauti hiyo, wanafunzi wa mazoezi huiogopa.

“Umenywa maji haya ukiwa na vidonda vya mdomo,” akasema. “Nimekuoshea nayo magoti. Leo unaniuliza kama bwana afya. Hata yeye alikaa kwanza.”

Ni kweli nilikuwa bado nimesimama.

Akachota kikombe kwenye sufuria, akanywa mpaka chini huku akinitazama. Akachota cha pili, akanywa. Akakigeuza kikombe nikaona hakuna tone. Kisha akaniambia, kwa upole kabisa, niondoke kabla mvua haijazidi. Mvua ilikuwa imekatika.

Nimefika nyumbani nina hasira. Naandika hasira kwa sababu ndiyo iliyopo. Aibu labda itakuja baadaye. Mficha uchi hazai. Kama hana cha kuficha angenijibu.

Jumatano, 22 Aprili

Mvua. Nimemwambia Daktari kwamba sampuli ina mashaka. Amefuta jina la Shangazi kwenye karatasi yake kwa kalamu, mstari mmoja ulionyooka.

Jumapili, 26 Aprili

Sikwenda. Jirani yake amenipigia simu kwamba Shangazi ametapika mara mbili na ameshika tumbo. Nimesema ampe maji ya kunywa na ampeleke zahanati ikiendelea. Nikarudi kwenye kufua.

Alhamisi, 30 Aprili

Mvua. Hakuna la kuandika.

Jumatatu, 4 Mei

Nitaandika yote.

Nilimpa Kimya vyombo vya mwezi mzima avioshe, pamoja na chupa ya Shangazi, kwa kuwa sikutaka kuiona tena. Baada ya saa moja akaja ofisini ameishika, na hakusema neno. Hilo peke yake lilinifanya niache kalamu. Sehemu ya chini ya chupa, pale maji yalipokauka, palikuwa na pete ya rangi ya kijani ya kuelekea bluu.

Akauliza maji haya yalipikwa kwenye nini. Nikasema jani ni la kijani, maji ni ya kijani, anategemea pete iwe ya zambarau? Hakukasirika. Akasema, “Hii si kijani ya jani, dada. Ni kutu ya shaba. Mzee wangu alikuwa fundi wa kutia bati masufuria. Tulikula na mikono ya rangi hii utoto wetu wote, tukachapwa kwa kutonawa.”

Akachukua msumari mpya, akausugua, akautumbukiza kwenye maji kidogo ya Shangazi yaliyobaki kwenye jokofu jipya. Tukakaa. Kwa mara ya kwanza nilimsikiliza Kimya kwa hiari, naye akanieleza kwamba sufuria ya shaba haipikiwi kitu kichachu mpaka itiwe bati ndani, na bati ni ule utando wa kijivu. Ukichubuka, unarudi kwa fundi. Mafundi wenyewe wamekwisha, na watu wanadhani ni uchafu. Wanausugua.

Msumari ulitoka mwekundu, umevikwa shaba kama umepakwa rangi.

Mwezi mzima wa kukwangua. Limau na mchanga kila Jumamosi. Jani chachu, usiku mzima ndani ya shaba tupu. Kisha kikombe kila asubuhi.

Nimekwenda hapo hapo, hata koti la kazini sikuvua. Mlango ulikuwa umeegeshwa. Shangazi alikuwa amelala kwenye mkeka jikoni, macho yana umanjano, ndoo kando. Jirani akaniambia kwamba tangu ile Jumapili yetu, Shangazi anakunywa vikombe viwili kila asubuhi mbele ya wateja badala ya kimoja, ili kila mtu aone hakuna alichotia.

Nimempeleka hospitali. Daktari wa zamu aliniuliza anatumia dawa gani. Nikamwambia shaba. Akaacha kuandika akanitazama, nikarudia. Wamempokea wodini.

Jumatano, 6 Mei

Nimeichukua sufuria maabara. Nimechemsha ndani yake maji matupu na limau moja, bila jani hata moja, nikaacha usiku mmoja, nikapima.

Milimita kumi na nne.

Daktari ameangalia muda mrefu. Akasema, “Kumbe miezi miwili tumekuwa tunapima sufuria.” Kisha akauliza mgonjwa anaendeleaje, nami nikaona kwamba nimekosea kumhusu katika jambo moja angalau.

Jumamosi, 9 Mei

Hali yake haijatulia. Wanasema ini limeumia, wanasubiri siku mbili tatu waone. Nimekaa nje ya wodi na daftari hili, nimelisoma tangu mwanzo kwa kuwa sikuwa na kingine cha kusoma.

Machi 15, tumbo. Machi 29, tumbo, nikampa namba ya fundi wa paa. Aprili 5, tumbo. Aprili 11. Aprili 26. Mara tano, kwa mwandiko mzuri, tarehe sahihi. Kazini kitu kikijirudia mara tatu tunasimama tunakiuliza wewe ni nani. Hiyo ndiyo kazi ninayolipwa kuifanya. Hili nimeliandika mara tano mahali ninapoandikia mvua.

Nimelia. Muuguzi ameniletea kiti chenye mgongo.

Jumanne, 12 Mei

Amekaa kitandani. Amekula kijiko cha supu. Daktari wa wodi amesema tumewahi, ingawa si sana, na ini linaanza kutulia. Nikaona niseme yote leo, kabla sijapata sababu ya kungoja kesho. Safari hii nilikaa kwanza.

Nilimweleza sufuria, utando, msumari, limau. Alisikiliza ametazama dirishani. Nikamwomba radhi kwa ile Jumapili.

“Kwa hiyo jani langu ni bure?”

“Halina nguvu, halina madhara.”

“Na wale waliopona miaka yote, kabla sijaikwangua?”

Swali hilo nilikuwa nimelifikiria usiku mzima uliopita. Nikamwambia walipona kwa maji yaliyochemka, beseni safi, na mtu aliyewapigia magoti kila siku bila kuwatukana wala kuwaharakisha. Zahanati humaliza kidonda kwa dakika tatu, yeye hukaa nusu saa. Si maneno ya kumpamba; ndivyo ninavyoamini, ingawa sina kisahani cha kupimia hilo.

“Basi nimesifu jani miaka arobaini,” akasema, “na ilikuwa mikono.” Akaitazama mikono yenyewe bila furaha, kama mtu anayetazama viatu vilivyoisha soli. Halafu akanigeukia.

“Nilikwambia tumbo linaniuma. Mwezi wa tatu.”

“Uliniambia.”

“Ulisikia?”

“Niliandika.”

Alinyoosha mkono akavuta shuka hadi kifuani, nikamsaidia upande ule mwingine.

Ijumaa, 22 Mei

Ametoka hospitali. Mvua imepungua, inanyesha kwa zamu sasa.

Kimya ametafuta bati na jiko la mkaa, akaitia sufuria bati nyuma ya maabara kama alivyomwona mzee wake akifanya. Imerudi kuwa ya kijivu ndani, mbaya kwa macho. Aliongea muda wote, kuanzia koleo mpaka ndoa ya binamu yake. Nimemsikiliza mpaka mwisho na nimejifunza mambo manne.

Ijumaa, 29 Mei

Bwana afya kaja kwa Shangazi, akaisoma karatasi yangu mbele yetu. Nimeandika kama ilivyo: jani halina nguvu dhidi ya vijidudu vilivyopimwa, na katika kipimo chetu cha sumu halikuonyesha madhara; maji yaliyopikwa kwenye shaba isiyo na bati yanaua vijidudu, na yanaweza kuua mnywaji. Imesainiwa na mimi na Daktari. Nilifikiri Shangazi ataniomba nilainishe mstari mmoja. Hakuomba.

Bwana afya alipomaliza, akatafuta namna ya kusema kwamba afunge. Shangazi akamwokoa. Alisema amekwisha funga tangu juzi, chupa amezivunja, na kila mteja aliyepita amemweleza mwenyewe mlangoni sababu, hata wale waliocheka. Akamwuliza kama zahanati inahitaji mtu wa kuosha vidonda. Bwana afya akasema hana vyeti. Shangazi akasema anajua. Akamwuliza tena.

Bwana afya amesema atauliza. Nimeandika jina lake na tarehe, nami nitamkumbusha Jumatatu.

Jumapili, 31 Mei

Jua tangu asubuhi. Nimepita kwa Shangazi. Sufuria ipo mezani, imefunikwa kwa kitambaa. Hakunionyesha.

Nimemuuliza tumbo kabla ya kumwamkia. Akashangaa, akasema hata shikamoo siku hizi hatupewi. Akasema limetulia. Nikauliza upande gani lilikuwa likiuma zaidi, tangu lini, na lilikuwa linakuja kabla ya kula au baada, naye akajibu moja moja, akichambua, mpaka chai ikapoa. Sikuwa nimelichukua daftari. Haya nayaandika nimerudi, na kuna mengine aliyoniambia ambayo sitayaandika.